Siri ya Proust iko wapi?

Katika riwaya kubwa ya Mfaransa Marcel Proust, msimulizi anampenda msichana Albertine. Wahakiki wengi wanasema: kumbe ni mwanaume aliyevishwa nguo ya kike! Wanamtaja Alfred Agostinelli, shofere wa Proust, kisha sekretere wake, ambaye Proust alimpenda. Alitoroka nyumbani mwake mwisho wa 1913. Mwaka 1914 ndeke yake ikaanguka baharini karibu na Antibes. Albertine naye anatoroka, farasi anamwangusha, anakufa.

Inafanana, ndiyo. Lakini sisi tunaona siri haiko kwa Albertine. Iko kwa huyo msimulizi. Anamfungia msichana nyumbani, anamuuliza usiku na mchana: ulikuwa na nani? unapenda wanawake? Charlus anagunduliwa, baadaye hata Saint-Loup, rafiki yake. Yeye tu, anayechungulia wote, hakuna anayemuuliza kitu. Proust aliyajua maswali hayo: mwaka 1897 alipigana kwa bastola na Jean Lorrain, aliyekuwa amemchokoza gazetini juu ya urafiki wake na kijana Lucien Daudet. Hakuna aliyeumia. Ila ule woga tunausikia kila mara msimulizi anapoanza tena kumhoji Albertine.