Jumla Ni Tisa

Upepo wa Mgori, huku Singida, huamka saa tatu asubuhi, na mzee mmoja wa hapa hataki injini iwe wazi upepo ukiamka. Ndiyo maana saa kumi na mbili na nusu, katika baridi ya mwezi wa sita, boneti ya Land Rover ilikuwa imeshafunguliwa chini ya mkwaju, plagi nne zimepangwa juu ya gunia kwa kufuata silinda zake, na mjukuu wake ameshika hendeli mbele ya gari akingoja amri.

"Zungusha. Polepole. Hapo hapo."

Mzee aliinama juu ya injini. "Ya nane imebanwa. Nishike ipi?"

"Ya kwanza, babu."

"Kwa nini?"

"Nane na moja ni tisa."

Injini hii ya petroli, lita 2.25, ina silinda nne na valvu nane zilizojipanga mstari mmoja. Kila silinda ina valvu mbili: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Juu ya kila valvu kuna roka, mkono mfupi wa chuma unaoisukuma ifunguke. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo kati ya mkono huo na kichwa cha valvu lazima ibaki nafasi: sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani kama robo ya milimita. Nafasi ikizidi, injini hugongagonga kama cherehani kilichochoka. Ikipungua, valvu haifungi sawasawa, na moto wa silinda hupenya ukingoni na kuila kidogo kidogo.

Nafasi hiyo hupimwa valvu ikiwa imepumzika kabisa. Lakini valvu iliyopumzika kabisa na iliyo karibu kuanza kazi zinafanana kwa macho. Dawa yake ni hesabu: itafute ile ambayo springi yake imebanwa hadi mwisho, utoe namba yake kwenye tisa. Nane imebanwa, pima moja. Saba imebanwa, pima mbili. Sita kwa tatu, tano kwa nne, kisha kinyume chake. Kila inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hukuonyesha mwenzake aliyepumzika.

Mzee aliingiza fila, kile kibati chembamba cha kupimia, akakivuta. "Sikia mwenyewe, mwanangu," akanipa. Kibati kilipita, lakini kilijiburuta kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kiganja cha mtu aliyelala. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akakaza nati ya kufungia, akapima tena: nafasi imepungua. Akalegeza, akaanza upya. Nati ile inapokazwa huizungusha skrubu pamoja nayo, kwa hiyo fundi huacha nafasi kubwa kidogo kuliko anayoitaka, kisha nati yenyewe imalizie. Ni kidogo kiasi gani, fila haisemi. Kifundo cha mkono ndicho kinachojua. Valvu hiyo moja ilimchukua kama dakika kumi, na zilibaki saba.

Nilimtazama mtoto. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa upande mmoja wa hendeli, gumba likiwa limelala pamoja na wenzake. Leo plagi ziko nje na hendeli haina hasira, lakini babu yake hamruhusu kuishika vingine hata siku ya amani. Injini ikiwaka kabla ya wakati hurudi nyuma, na hendeli inayorudi huvunja gumba lililoikumbatia. Tabia ya mkono hujengwa siku ambayo haina hatari.

Gari lenyewe ni 109 Series III. Hiyo 109 ni urefu kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinagawiwa kwa kibali, ndipo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaunda bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Shida ile ikageuka faida, kwa sababu aluminiamu haishiki kutu kama bati. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Huku kwetu Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, la misheni na la mkuu wa wilaya. Nyingi zilipozeeka ofisini zilipigwa mnada, zikaanza maisha ya pili ya magunia. Hii ya mkwajuni hubeba alizeti kwenda kukamuliwa, na msimu wa asali hubeba madumu yanayotoka upande wa msitu.

Uingereza kwenyewe wako wazee wenye ugonjwa kama huu wa magari ya zamani, ila wengi wao wameshikwa na magari madogo ya spoti ya viti viwili: Triumph, au MGB, iliyotengenezwa Abingdon tangu 1962 hadi 1980. Mwisho wa wiki huyafungua kwenye banda la nyumbani na kushinda humo hadi chai ipoe. MGB ni gari la matembezi, paa limekunjwa, upepo unapita kichwani. Mchanga wa korongo la kwanza kutoka hapa ungelimeza hadi mlangoni. Lakini inua kifuniko cha injini yake: silinda nne, valvu nane mstari mmoja, umeme wa kampuni ya Lucas, platini na kondensa. Hesabu ni ileile. Mwenye MGB na mzee wa Mgori hawajuani wala hawana lugha moja, ila mmoja akiinua vidole vinane na mwingine kimoja, wameelewana.

Kwenye kisanduku cha mzee spana hazijapangwa kwa ukubwa. Zimepangwa kwa uaminifu. Nati nyingi za Series ni za inchi, na spana zilizojaa madukani ni za milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana 13 inaingia, lakini inacheza, na kila ikicheza hulamba pembe za nati hadi siku moja inazunguka bure. Nati ya robo tatu ni milimita 19.05, na spana 19 huikalia kama mtoto mgongoni mwa mama. Mkorofi ni ile yenye sehemu tisa kati ya kumi na sita za inchi: milimita 14.29. Spana 14 inaikataa, spana 15 inateleza. Kwa ajili yake mzee alichukua spana 14 akaisugua kwa tupa, jioni baada ya jioni, akiijaribu kwenye nati safi, mpaka ikakaa. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilipomtajia alicheka: aliyesema hivyo hakupata kufungua nati ya Mwingereza.

Lakini ufundi wake nilioupenda kuliko wote ulikuwa wa maneno. Wiki mbili kabla ya hapo gari lilizima njiani likiwa na mzigo, mchana wa jua kali. Vijana wa kando ya barabara wakasema kabureta imeziba. Wakaifungua, wakapuliza matundu yake, wakaifunga. Kazi ilikwisha magharibi, gari likawaka, wakalipwa. Siku ya tatu likazima tena.

Mzee hakushika spana. Alimkalisha dereva, ambaye ni mtoto wake mwenyewe, akamhoji kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Lilizima ghafla, au lilikohoa kwanza? Ghafla. Lilipoteza nguvu kabla ya kuzima? Hapana. Lilikuwa limetembea muda gani? Kama saa moja. Lilipopoa likawaka? Likawaka. Basi, akasema, petroli haina kosa. Gari linalokosa petroli hufa kama taa ya kibatari: hupepesuka, hukohoa, huomba. Linalokosa moto wa plagi hufa kama mtu aliyekatiwa umeme.

Ndipo alipofungua kifuniko cha distributa. Kwenye platini, zile ncha mbili zinazogusana na kuachana kuukata umeme, upande mmoja palikuwa na shimo na upande wa pili kichuguu, chuma kimehama kutoka huku kwenda kule. Hiyo ni sahihi ya kondensa mbovu. Kazi ya kondensa ni kuupokea umeme unaotaka kuruka kila platini inapoachana. Isipoupokea, cheche huruka pale pale, platini inaungua, na plagi inabaki na moto wa manjano usio na nguvu. Kondensa nyingi zinazokufa hufa zikiwa na joto, na zikipoa hufufuka. Mzee alitoa nyingine kwenye kopo la maziwa, aliyoihifadhi kutoka gari lililokwisha kuchinjwa, akasawazisha platini kwa msasa laini, akairudisha nafasi yake. Moto ukawa wa buluu. "Aliyelipwa alipuliza kabureta," aliniambia. "Kazi ilifanywa na baridi ya jioni."

Sentensi hiyo nimeibeba hadi leo, maana makosa mengi ya ufundi, na si ya magari tu, huzaliwa pale tiba inapokutana na nafuu iliyokuwa inakuja yenyewe. Kwa sababu hiyo mzee hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha anaendesha hadi kisimani na kurudi. Akibadilisha viwili na gari likapona, amepata gari lakini amepoteza jibu.

Saa mbili ikapita. Wakati mtoto anapumzika mzee alishughulikia kichungi cha hewa. Cha Series hakina karatasi ya kununua: ni bakuli lenye oili, na hewa hupita juu yake kwa kasi, oili ikilikamata vumbi. Alimwaga oili ile, na chini ya bakuli akakwangua tope jeusi, zito kama ugali wa jana. Hilo ni vumbi la Singida ambalo lingekuwa sasa linasaga ringi za pistoni. Akaosha bakuli kwa mafuta ya taa, akalikausha, akajaza oili mpya hadi kwenye mstari na si tone zaidi, maana ikizidi injini huinywa.

Kisha akakata gasketi, kazi ambayo ningeitazama siku nzima. Hakupima wala hakuchora. Alilaza karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe, akaishika kwa kiganja, akaanza kuigonga ukingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. Ukingo wa chuma ndio uliokata. Matundu ya bolti yalijitokeza moja baada ya jingine, mahali pake hasa.

Watu wa huku wana historia ya kutunza kilicho karibu nao. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka msitu wa Mgori viliamua kuulinda vyenyewe, wakati ambapo njia iliyozoeleka ilikuwa kuufanya hifadhi ya serikali. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayelala karibu na msitu ndiye anayesikia shoka. Nilipomwona mzee akiinua kichwa kwa sababu tu hendeli ilisita mahali isipopaswa kusita, nilijua kwamba hoja hiyo ni ya magari pia.

Zilipobaki valvu mbili alisimama, akanyoosha mgongo, akasema anakwenda kunywa uji. Hakutoa maelekezo. Mtoto akanitazama, kisha akanikabidhi hendeli, na kabla sijaigusa akalisogeza gumba langu kwa kidole chake.

"Zungusha, mjomba. Polepole. Hapo hapo. Ya sita imebanwa."

Akashika ya tatu. Alipima, akakaza, akapima, akalegeza. Mara ya nne ndipo aliporidhika. Nikazungusha tena hadi ya tano ikabanwa, naye akashika ya nne.

Mzee alirudi akijifuta midomo. Alivuta fila kwenye ya tatu, mara moja. Akaivuta kwenye ya nne, mara moja. Hakusema kitu. Aliifuta, akaikunja katika kitambaa chake cha oili na kuiweka mfukoni, kisha akachukua kifuniko cha valvu na zile nati tatu za kofia, akampa mtoto afunge.

Majani ya mkwaju yalianza kutikisika.