Kuiona Seli Bila Kuiua: Hila ya Mwanga katika Hadubini ya Zernike

Ugumu wa kuchunguza seli hai kwa hadubini hautokani na udogo wa seli peke yake. Unatokana zaidi na uangavu wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, na mwanga unaopita ndani yake hutoka upande wa pili ukiwa na nguvu ileile uliyoingia nayo. Lenzi inaweza kuikuza seli mara mia nne, lakini kitu kisichopunguza mwanga wala kuubadilisha rangi, hata kikikuzwa, hubaki kivuli hafifu ambacho jicho hushindwa kukitenga na maji yanayokizunguka.

Kwa muda mrefu dawa ya tatizo hilo ilikuwa rangi. Seli iligandishwa kwa kemikali, ikapakwa rangi inayoshika baadhi ya viungo vyake na kuviacha vingine, kisha ikaangaliwa. Ndivyo Walther Flemming alivyoweza, kufikia mwaka 1882, kueleza jinsi nyuzi zilizo ndani ya kiini, ambazo baadaye ziliitwa kromosomu, zinavyogawanywa wakati seli moja inapokuwa mbili, na ndivyo vimelea vya malaria vinavyotambuliwa hadi leo katika maabara za hospitali, kwa tone la damu lililokaushwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Njia hiyo ina manufaa makubwa, ila inadai gharama isiyoepukika, kwani seli iliyogandishwa imekufa, na mwendo wake hauna budi kukisiwa kwa kupanga picha za seli nyingi zilizokufa katika hatua mbalimbali.

Ufumbuzi ulitoka kwa mwanafizikia, si kwa mwanabiolojia. Mnamo 1930 hivi, Frits Zernike wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, alikuwa akichunguza kasoro za vioo vilivyochorwa mistari mingi iliyobanana, vinavyotumika kuuchambua mwanga katika rangi zake. Katika kazi hiyo alitambua kwamba mwanga hubeba habari ambayo jicho haliisomi, nayo ni awamu, yaani mahali lilipofika wimbi katika kupanda na kushuka kwake kwa wakati fulani. Sitoplazimu, ule ute unaoijaza seli, huupunguzia mwanga mwendo kidogo zaidi kuliko maji yafanyavyo, na kiini chake huuchelewesha kwa kiasi kingine. Kwa hiyo wimbi lililopita ndani ya seli hutoka likiwa nyuma ya lile lililopita pembeni, ingawa nguvu zao ni sawa. Habari za seli zimo ndani ya ucheleweshaji huo, lakini jicho na filamu ya picha hupima nguvu ya mwanga tu.

Zernike aliugawa mwanga huo katika mafungu mawili: ule unaopita moja kwa moja, na ule unaotawanywa na viungo vya seli. Hesabu zilimwonyesha kwamba, kwa kitu chembamba na kiangavu, mwanga uliotawanywa huwa nyuma ya ule wa moja kwa moja kwa robo ya urefu wa wimbi, ambayo kwa mwanga wa kijani ni takriban nanomita 140, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Tofauti ya robo haitoshi kuyafanya mawimbi hayo yafutane. Tofauti ikifikia nusu, kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, nayo hupunguzana, hivyo mahali penye seli huonekana peusi kuliko panapopazunguka.

Iliyobaki ilikuwa kuusogeza mwanga wa moja kwa moja mbele kwa robo nyingine bila kuugusa ule uliotawanywa, na hapa ndipo ulipo ustadi wa kazi yote. Chini ya meza ya hadubini, katika kondensa, yaani lenzi inayokusanya mwanga kuelekea kwenye seli, huwekwa kizuizi chenye uwazi wa umbo la pete. Mwanga wa moja kwa moja, baada ya kuipita seli, hujikusanya tena kwa umbo hilohilo la pete nyuma ya lenzi ya kukuzia, ilhali mwanga uliotawanywa huenea kila upande wa lenzi hiyo. Kwa kuwa mafungu hayo mawili yametengana mahali, Zernike aliweza kuweka hapo bamba la kioo lenye mfereji wa duara unaolingana na pete hiyo. Mwanga wa moja kwa moja hupita kwenye mfereji, ambako kioo ni chembamba, na hivyo hutangulia kwa robo ya wimbi. Mfereji hupakwa pia tabaka jembamba la metali linalopunguza nguvu ya mwanga huo, kwa sababu wimbi kubwa haliwezi kupunguzwa sana na wimbi dogo, na mafungu mawili yakikaribiana nguvu ndipo tofauti ya weusi na weupe inapokuwa dhahiri.

Zernike aliipeleka mbinu hiyo katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1932, lakini haikupokewa kwa shauku, na hadubini za aina hiyo zilianza kutengenezwa na kampuni hiyo miaka ya 1940 ilipoingia. Mnamo 1943 Kurt Michel wa Zeiss alipiga filamu ya seli za uzazi za panzi dume zikigawanyika. Kile ambacho Flemming alikiunga kwa picha za hatua mojamoja sasa kilionekana kikitendeka ndani ya seli ileile, tangu kromosomu zinapojipanga hadi zinapovutwa kila kundi upande wake. Mwaka 1953 Zernike alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mbinu hiyo ina mipaka yake. Seli huzungukwa na mzingo wa mwanga unaoficha kingo zake, kwa kuwa bamba haliwezi kuyatenga mafungu mawili ya mwanga kikamilifu, na tishu nene huvuruga hesabu inayodai kitu chembamba. Zaidi ya hayo, haioneshi protini ipi iko wapi, kazi iliyorahisishwa baada ya 1994, pale Martin Chalfie na wenzake walipoonyesha kwamba jeni ya protini ya kijani ing'aayo, iliyotoka kwa kiwavuvi wa baharini aina ya Aequorea victoria, inaweza kuingizwa katika viumbe wengine na kung'aa ndani yao. Hata hivyo protini hiyo huhitaji kuchochewa kwa mwanga mkali, na mwanga huo, ukizidi, huzalisha kemikali zinazoidhuru seli, hivyo mtafiti hulazimika kupima kila mara ni picha ngapi anaweza kuchukua kabla hajaharibu kile anachokichunguza.

Kwa sababu hiyo hadubini ya Zernike haijaachwa. Hutumika kukagua seli zinazooteshwa maabara na kupima mwendo wa mbegu za kiume katika uchunguzi wa uzazi, mahali ambapo rangi ingeuzima mwendo wenyewe unaopimwa. Ubora wake umo katika uamuzi mmoja wa msingi: badala ya kuibadilisha seli ili ipatane na mwanga, Zernike aliubadilisha mwanga baada ya kuipita seli, nayo seli ikaachwa iendelee kuishi.