Umbo la Mabadilishano: Kumsoma Upya Hasheem Thabeet
Tarehe 24 Februari 2011, Memphis Grizzlies iliwapeleka Houston Rockets Hasheem Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza ya drafti ya baadaye, nayo ikawapokea Shane Battier na Ish Smith. Mashabiki wengi wa Tanzania wameyasoma mabadilishano hayo kama hati ya kushindwa kwa kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Usomaji huo una haraka. Mabadilishano ya wachezaji ni matini yenye umbo: yana pande mbili zinazopimana, yana viambatisho, yana nyakati zake, na maana yake hujitokeza pale tunapouliza kila kipashio kimewekwa hapo kwa kazi gani.

Tuanze na mizani yenyewe. Upande mmoja yupo Thabeet, mrefu wa takriban sentimita 221, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Yupo Carroll, aliyechaguliwa wa 27 mwaka huohuo. Na ipo haki ya kumchagua mtu ambaye bado hana jina. Vipashio vyote vitatu vinaishi katika wakati ujao. Uzito wa upande wa pili umebebwa na Battier, mlinzi mwenye umri wa miaka 32 ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu huohuo: huyo ni wakati uliopo mtupu. Kiambatisho cha raundi ya kwanza ndicho kinachofichua bei. Kama jina la Thabeet lingekuwa bado na uzito wa mwaka 2009, lisingehitaji kuongezewa kitu ili kumpata mchezaji aliyekaribia machweo ya kazi yake. Mhakiki hupima thamani ya kipashio kwa kuangalia kilichobidi kiongezwe kando yake.

Kwa nini uzito huo ulipungua? Takwimu za msimu wake wa kwanza, pointi 3.1 na rebaundi 3.6 katika dakika zipatazo 13 kwa mchezo, zinaeleza kiasi cha upungufu bila kueleza sababu yake. Sababu iko katika ufundi. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alijenga sanaa ya kusubiri: alisimama chini ya kikapu, akaacha mshambuliaji amjie, kisha akanyoosha mkono. Sanaa hiyo ilimpa tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya Big East miaka miwili mfululizo. Kanuni za vyuo zilimruhusu kuweka kambi hapo. Kanuni za NBA humkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo hilo zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Mtindo uliotegemea utulivu ukadaiwa mwendo. Tena, Memphis tayari ilikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph karibu na kikapu, hivyo Thabeet aliandikwa katika onyesho ambalo wahusika wake wakuu walikwisha kupangwa. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, katika ligi ya chini, kutafuta dakika ambazo timu yake haikuwa nazo.

Msomaji wa Korogwe au Handeni, aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, anajua kwamba mmea huo haukatwi mara ya kwanza kabla ya miaka miwili au mitatu. Anayeuza shamba kabla ya hapo anauza muda wa kungoja, na anayelinunua ananunua wajibu wa kulipalilia. Memphis iliuza baada ya msimu mmoja na nusu. Houston ikanunua, lakini haikupalilia: Thabeet aliichezea michezo saba tu katika misimu miwili. Machi 2012 ikampeleka Portland Trail Blazers pamoja na Jonny Flynn, wa sita katika drafti ya 2009, na haki ya raundi ya pili, ili impate Marcus Camby.

Hapa umbo linajirudia kwa namna inayostahili kutazamwa kwa makini. Camby naye alikuwa mrefu mwenye kipaji cha kuzuia mitupo, naye alichaguliwa wa pili, na Toronto Raptors, mwaka 1996. Mwaka 1998 Toronto ilimpeleka New York Knicks ili impate Charles Oakley, mkongwe wa miaka 34. Kijana aliyewekwa upande wa wakati ujao mwaka 1998 ndiye mzee aliyewekwa upande wa wakati uliopo mwaka 2012. Ulinganifu huo una mpaka wake, kwani Camby alipoondoka Toronto alikuwa ametoka kuongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo. Hata hivyo, New York ilimpa dakika, mwaka uliofuata ikafika fainali, na mwaka 2007, akiwa Denver Nuggets, akatajwa mlinzi bora wa ligi.

Hukumu yetu basi iwe ya pande mbili. Kwa Memphis, matini ilikamilika ndani ya wakati wake: tarehe 17 Aprili 2011, mtupo wa pointi tatu wa Battier dhidi ya San Antonio Spurs uliipa klabu ushindi wake wa kwanza kabisa katika mtoano, na mfululizo ukaisha kwa 4–2. Kwa Houston, kasoro ilikuwa ya usomaji. Hata Carroll, kipashio ambacho macho yalikipita, iliachana naye mapema. Miaka minne baadaye alikuwa katika kikosi cha kwanza cha Atlanta Hawks kilichoshinda michezo 60. Kijana mrefu ambaye bado hajaiva hapimwi kwa nafasi aliyochaguliwa wala kwa pointi za msimu mmoja. Hupimwa pamoja na dakika ambazo mnunuzi yuko tayari kuzitoa. Na timu isiyo na dakika hizo, hata ikimpata kwa bei nafuu, imemnunua kwa hasara.