Hema la Ummu Maabad: Sura ya Mgeni Aliyekwisha Kupita

Katika njia ya Hijra ya mwaka 622 kuna kituo kilichobaki maarufu ingawa hapakujengwa kitu wakati ule: mahema mawili ya Atika bint Khalid, mwanamke wa kabila la Khuzaa ajulikanaye zaidi kwa jina la Ummu Maabad. Yalikuwa upande wa Qudaid, baina ya Makka na Madina. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita hapo pamoja na Abubakar, Amir bin Fuhaira na Abdullahi bin Uraiqit aliyewaongoza njia. Kisa chenyewe kimepokewa na Ibn Saad, Tabarani, al-Hakim na Baihaqi, miongoni mwa wengine. Wataalamu wa hadithi wameijadili sanadi yake. Al-Hakim aliisahihisha, wengine wakaitia kasoro. Hapa nitawaachia mjadala huo wenyewe, niutazame ufundi wa usimulizi, kwa sababu naona ndio uliokifanya kituo hiki kisisahaulike.

Kisa kinaanza na njaa. Mwaka ni wa ukame. Ummu Maabad, mwanamke mkakamavu aliyezoea kukaa mbele ya hema akiwapa wapitao maji na chakula, safari hii hana cha kutoa. Wageni wanataka kununua tende na nyama, hakuna. Mgeni mmoja anamwona mbuzi pembeni mwa hema, aliyeshindwa kwenda malishoni na wenzake kwa udhaifu. Anauliza kama ana maziwa, anajibiwa kuwa mnyama huyo hana nguvu hiyo. Anaomba ruhusa ya kumkamua, anapewa. Anampangusa kiwele, analitaja jina la Mwenyezi Mungu na kuomba dua, kisha anataka chombo cha kutosha kushibisha kundi la watu. Maziwa yanatoka mpaka povu linapanda juu. Anamnywesha mwenye hema kwanza, halafu wenzake, naye anakunywa mwisho. Anakamua tena, anakiacha chombo kimejaa, wanaondoka.

Tazama kinachokosekana. Tumeoneshwa mbuzi, kiwele, chombo na povu. Tumeoneshwa nani alikunywa kabla ya nani. Mgeni mwenyewe hatukuoneshwa. Hatujui urefu wake, macho yake wala sauti yake. Tunamjua kwa vitenzi tu: aliona, aliuliza, aliomba, alipangusa, alikamua, alinywesha. Msimulizi anamficha mhusika wake mkuu nyuma ya kazi ya mikono yake. Hata adabu ya ugeni imepinduliwa kwa vitendo bila neno la maelezo, kwani aliyekuja kuomba chakula ndiye anayegawa, na mwenye nyumba ndiye anayeandaliwa.

Sehemu ya pili inafunguka Abu Maabad, mume wa mama huyu, anaporudi akiswaga mbuzi waliokonda. Anayaona maziwa na kushangaa yametoka wapi, nyumbani hakuna mnyama wa kukamuliwa. Mke anajibu kwa mkato: amepita mtu mwenye baraka, akafanya hivi na hivi. Muujiza wote tuliousoma kwa utuo umebanwa katika jibu la pumzi moja. Mume haulizi zaidi habari za mbuzi. Anaomba aelezwe mtu huyo akoje. Hapo ndipo lugha inapobadilika: masimulizi mepesi yanageuka kuwa nathari ya Kiarabu yenye vipande vifupi na vina, mojawapo ya wasifu mashuhuri kabisa wa Mtume. Sura iliyofichwa mgeni alipokuwepo inachorwa baada ya kuondoka kwake, na anayechorewa ni mtu ambaye hakuwepo.

Mpangilio wa wasifu huo unastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Unaanza na kinachoonekana mwanzo mtu anapotokea: mng'ao, uso uliochangamka, umbo zuri. Kisha jicho linasogea: weusi wa macho, urefu wa kope, shingo, ndevu, nyusi. Katikati ya orodha hiyo ya vinavyoonekana inaingia sauti yenye mkwaruzo kidogo, kana kwamba mgeni alianza kusema wakati mama huyu akiendelea kumtazama. Yanafuata kimya chake na maneno yake: akinyamaza ana haiba, akisema uzuri unazidi. Hapo msemaji anautaja umbali waziwazi, kwamba mtu huyo anapendeza akiwa mbali na akiwa karibu. Mwishoni jicho linarudi nyuma: sasa tunamwona kati ya wenzake, akifananishwa na tawi lililo kati ya matawi mawili, wakimsikiliza anaposema na kuharakia anapoamuru. Ni mwendo wa kukaribia, kufika na kuondoka. Aliyezoea kukaa mlangoni pa hema akitazama njia ndiye anayeweza kumweleza mtu kwa mpango huo. Wasifu umebeba mahali alipokaa anayeutoa.

Kuna ufundi mwingine ndani yake, nao ni kukanusha kwa jozi. Si mwenye tumbo kubwa, wala si mwenye kichwa kidogo. Si mrefu wa kupita kiasi, wala si mfupi wa kudharaulika. Maneno yake hayapungui, wala hayazidi. Kila jozi inaziba njia mbili za kukosea na kumwacha msikilizaji katikati. Sifa za kupandisha tu zingemfanya Abu Maabad adhani mkewe amepagawa na maziwa. Kukanusha kunaonesha kwamba msemaji amepima. Wala hamtaji mbuzi hata mara moja katika wasifu huo. Hatumii muujiza kuipamba sura.

Matokeo yake, Abu Maabad anamtambua mgeni bila kutajiwa jina: huyu, anasema, ndiye yule anayezungumzwa na Makureshi. Sisi wasomaji tulimjua tangu mwanzo, lakini kwa kumwona tumekaa pale alipokaa Abu Maabad. Tumefika tumechelewa, na tunategemea maneno ya aliyeona.

Riwaya zinaongeza kipande cha tatu. Makka, Asma bint Abubakar na jamaa zake walikaa siku tatu bila kujua wasafiri wameelekea wapi, mpaka ikasikika sauti ya asiyeonekana ikiimba beti kuhusu wenza wawili waliotua katika mahema hayo. Katika ubeti wa kwanza jina la Ummu Maabad limewekwa mwishoni, penye kina, na beti zinazofuata zinaitikia sauti ya jina hilo. Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, alizijibu kwa kina kilekile. Kwa hiyo tukio limepita katika tungo tatu, kila moja ikiwa mbali zaidi na hema kuliko iliyotangulia: masimulizi ya waliokuwepo, wasifu kwa aliyekosa kuona, shairi kwa mji mzima.

Msomaji wa mwambao wetu amekutana na kisa hiki hasa katika Maulidi ya Barzanji, iliyotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar al-Barzanji. Nathari yake inapokezana vina viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, na humo mkato umehamishwa. Mbuzi, kiwele, chombo kilichoachwa na mshangao wa mume vyote vimehifadhiwa. Kilichofupishwa kuwa hivi na hivi ni wasifu. Sifa za umbo la Mtume zinakuja baadaye, katika mlango wake, kwa sauti ya mtunzi mwenyewe.

Kwa hadhara ya maulidi uamuzi huo una mantiki: waliokusanyika wanamjua anayesifiwa, hawahitaji kushawishiwa, na mwendo wa vina unataka kisa kipite haraka. Lakini gharama yake ni kubwa. Katika Barzanji, Abu Maabad anaapa kwamba lau angemwona angemwamini na kumfuata mtu ambaye msikilizaji hakusikia ameelezwaje, na kiapo hicho kinaonekana kutokana na maziwa. Katika riwaya ya zamani kinatokana na ushahidi wa mkewe, aliyetazama kwa makini na kupima maneno. Riwaya zinasema baadaye wote wawili walihajiri na kusilimu. Anayeisoma Barzanji afike kwenye kipande hicho akijua kwamba palikuwa na sauti ya mwanamke hapo, na kwamba sauti hiyo ndiyo iliyomshawishi mumewe.