"And" Si Alama ya Kujumlisha: Uhakiki wa Kanuni Tuliyofundishwa

Kanuni ambayo wengi wetu tulitoka nayo sekondari inasema hivi: nomino mbili zikiunganishwa kwa "and", kitenzi cha Kiingereza huwa katika wingi, zikiunganishwa kwa "or", huwa katika umoja. Inaenea ubaoni kwa mstari mmoja, na watahini wanaipenda kwa sababu inasahihishika haraka. Lindley Murray aliiweka katika sarufi yake ya mwaka 1795, kitabu kilichosomwa sana shuleni Uingereza na Marekani, na bado naikuta katika madaftari ya wadogo zangu hapa Uganda karibu kama alivyoiacha. Hoja yangu ni kwamba kanuni hiyo inaeleza nusu tu ya jambo. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuumiza zaidi sisi tunaosoma Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, kwa kuwa "na" yetu si "and" yao.

Nilipoteza alama kwa kuandika "Bread and butter is my usual breakfast". Msahihishaji alikata "is" kwa wino mwekundu akaandika "are". Sikumlaumu, alifuata kanuni. Lakini Mwingereza anayetamka sentensi hiyo hahesabu vitu viwili mezani. Anafikiria chakula kimoja, mkate uliopakwa siagi. Angekuwa ametoka dukani na mkate mkononi na siagi mfukoni, angesema "The bread and the butter are in the bag". Kinachohesabiwa hapa ni vitu jinsi msemaji anavyoviona akilini, na "and" yenyewe haiamui hesabu hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa watu. "My friend and colleague is here" ni mtu mmoja mwenye sifa mbili, ilhali "My friend and my colleague are here" ni watu wawili. Tofauti yote imebebwa na "my" ya pili, neno ambalo kanuni ya Murray haikulitazama.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kusikia likitajwa darasani. Nomino ya Kiingereza inayohesabika, ikiwa katika umoja, haisimami peke yake: hatusemi "He ate with fork", lazima iwe "a fork" au "the fork". Lakini ukiipatia mwenzake, vile vineno vidogo vinaweza kuachwa: "He ate with knife and fork". Vivyo hivyo "husband and wife", "mother and child". Jozi inapata ruhusa ambayo kila nomino ikiwa peke yake haina. Mwanafunzi aliyezoea kusahau "a" na "the" (na sisi sote tumezoea) hapa anapatia bila kujua kwa nini, kisha anakosea mstari unaofuata.

Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, walilipanua jambo hili vizuri kuliko vitabu vyetu vya shule. Wanasema upatanisho wa Kiingereza huvutwa na kanuni tatu: umbo la kisarufi, maana iliyo akilini, na ukaribu wa nomino na kitenzi. Ukaribu ndio unaoonekana kwenye "or": "Either the goats or the cow is in the garden", lakini "Either the cow or the goats are in the garden". Kitenzi kinamfuata jirani yake. Sentensi ya pili peke yake inatosha kuiangusha nusu ya pili ya kanuni ya ubaoni.

Kwa msomaji wa Kibantu hayo si mageni. Tukisema "Kitabu na kalamu...", kitenzi kipatane na nani? Wapo wanaosema "vimeanguka", wakichukua ngeli ya vitu kwa jumla. Wapo wanaosema "zimeanguka", kwa kuwa kalamu ndiyo jirani. Luganda, lugha ya nyumbani kwetu, ina msimamo mkali zaidi: vitu visivyo watu, vikiwa vya ngeli tofauti, huchukua "bi-", kwa hiyo "Ekitabo n'ekkalaamu bigudde". Kumbe zile nguvu tatu tunazijua tangu utotoni, ila tunapofundishwa Kiingereza tunaambiwa tuziache mlangoni.

Hata hivyo, tofauti kubwa iko kwenye "na" yenyewe. Neno hili linaunganisha na pia linaandamanisha. "Mwalimu na wanafunzi wake wamefika" ni wingi. "Mwalimu amefika na wanafunzi wake" ni umoja, ingawa waliofika ni wale wale. Kiswahili kinatofautisha kwa mahali pa kirai. Kiingereza kinatofautisha kwa neno, na mahali hapasaidii: "The teacher and her students have arrived", lakini "The teacher, along with her students, has arrived". Wanafunzi wote wametajwa kabla ya kitenzi, na bado kitenzi kinamtazama mwalimu peke yake. Vivyo hivyo kwa "together with" na, katika maandishi rasmi, "as well as". Vitabu vyetu huorodhesha maneno haya pamoja na "and", kisha vinatafsiri yote kwa "na" au "pamoja na". Hapo ndipo naona kosa la waandishi, si la mwanafunzi.

Mfano mbaya zaidi ni "Tulikwenda na Juma". Kwa wengi wetu sentensi hii inaweza kuwa na watu wawili tu, mimi na Juma, maana Juma ameshahesabiwa ndani ya "tu-". Ukiitafsiri neno kwa neno, "We went with Juma", Mwingereza ataona watu watatu au zaidi. Katika hadithi hilo ni dogo. Katika maelezo ya shahidi polisi, mtu wa tatu amezaliwa.

Kwamba kiunganishi kinaweza kuwa na bei, kesi ya Oakhurst Dairy ya jimbo la Maine, Marekani, inatosha. Sheria ya huko iliwanyima malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa shughuli kadhaa za vyakula, zilizoorodheshwa kwa majina yanayoishia na "-ing", na mwisho wa orodha ukasomeka "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Madereva wa maziwa walisambaza, hawakufungasha. Kampuni ilisema "distribution" ni shughuli inayojitegemea. Madereva walisema ni nomino iliyofungwa na "shipment" chini ya "packing for", na wakaonyesha kwamba shughuli nyingine zote zina "-ing" ila hizo mbili. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno hayo yana utata, ikaamua kwa faida ya madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Magazeti yalishangilia koma. Mimi nadhani hoja nzuri zaidi ilikuwa ya maumbo: nomino zilizounganishwa hutarajiwa kufanana, na "distribution" ilifanana na "shipment".

Nilijaribu kuutafsiri mstari huo. Nikiandika "kufungasha kwa kusafirisha au kusambaza", baada ya orodha iliyojaa vitenzi vya "ku-", ushahidi wa madereva umepotea, kwa kuwa kila kitu sasa kina umbo moja. Nikiandika "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji", wameshinda kabla jaji hajaketi. Mwenzangu mmoja alipendekeza "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji, au kusambaza". Tafsiri yake ni nyepesi na inasomeka vizuri kuliko yangu, na inaipa kampuni kesi nzima.