Vificho Vidogo vya Mombasa: Mwongozo wa Kupima Ubora Wake

Jiokeshi ni mchezo wa kutafuta chombo kilichofichwa kwa kufuata viwianishi, yaani jozi ya namba za latitudo na longitudo zinazotaja nukta moja juu ya uso wa dunia, ambazo mfichaji huzitangaza na mtafutaji huzifuata kwa simu au kwa kipokezi cha GPS. Chombo hicho, pamoja na mahali kilipowekwa na maelezo yanayoandamana nacho, kinaitwa hapa kificho, na ndani yake hukaa angalau karatasi ambayo kila anayekifikia huandika jina lake la mchezo na tarehe. Vificho hupangwa kwa ukubwa. Maikro ni chombo ambacho ujazo wake haufiki mililita 100, na mfano wake wa siku nyingi ni kikopo cha filamu ya kamera. Nano ni mdogo wake, wenye mililita 10 au pungufu, na mara nyingi huwa ni kibomba cha metali chenye kifuniko cha hesi na sumaku kitakoni, kikubwa kama ncha ya kidole na si zaidi.

Mchezo haukuanza kwa udogo. Serikali ya Marekani, ambayo ilikuwa ikipotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, iliuacha upotoshaji huo tarehe 2 Mei 2000 kwa amri ya Rais Bill Clinton, na siku iliyofuata Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, ikiwa na vitu mbalimbali, mkebe wa maharagwe ukiwa mmojawapo, ili aone kama mtu mwingine angeweza kuifikia kwa namba peke yake. Aliyeifikia ndoo ile alipata kitu cha kushika, cha kuchukua na cha kubadilishana. Anayeifikia nano hapati chochote ila kikaratasi kilichokunjwa kama msokoto, na hapo ndipo kipimo chote cha ubora kinapoanzia: kadiri chombo kinavyopungua, ndivyo mzigo wa kumridhisha mtafutaji unavyohamia kwenye mahali, kwenye maelezo na kwenye mkono wa mfichaji. Wanaosifu nano kwa sababu tu ilichukua saa nzima kuonekana wanasifu udogo wa kitu, sifa ambayo hata sindano iliyoanguka mchangani inayo.

Sheria moja ya mchezo inalifanya suala hili kuwa zito kuliko linavyoonekana. Vyombo viwili haviruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161, kwa hiyo kila kificho kinapokubaliwa kinafunga duara lenye eneo la takriban hekta 8 kwa wafichaji wengine wote. Katika nyika ya Tsavo duara hilo si kitu, lakini katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kutoka ngome ya Fort Jesus hadi Bandari ya Kale ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, vikopo vichache vilivyobandikwa ovyo vinatosha kuwazuia wafichaji bora kwa miaka. Nano mbovu, basi, si uzembe wa mtu mmoja anayejifurahisha.

Swali la kwanza la mwamuzi ni kwa nini kificho kiko hapo na si mita 200 mbele. Pembe nne za metali zinazovuka Barabara ya Moi na kuchora herufi M juu ya magari zinajulikana na kila mgeni, nazo hazihitaji kificho ili zitembelewe. Mfichaji anayebandika nano nyuma ya alama ya barabarani karibu nazo anaazima umaarufu wa pembe bila kuuongezea kitu, na zaidi ya hapo anamsimamisha mtafutaji kati ya msongamano wa matatu na wachuuzi. Linganisha na ngazi za Leven, zinazoteremka hadi majini upande wa Mji wa Kale na ambazo jina lake linatokana na meli ya Uingereza iliyoingia Mombasa mwaka 1824 chini ya Kapteni William Owen. Mgeni huzipita kwa urahisi akielekea kwingine, na hata mwenyeji anaweza kuishi kisiwani miaka mingi asiwahi kuzishuka. Kificho kinachomleta mtu hapo, kikamweleza meli ile ilifuata nini na jinsi Owen alivyoutangaza mji kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza bila idhini ya serikali yake mwenyewe, kimefanya kazi yake hata kabla chombo hakijaonekana.

Hata hivyo, mahali pazuri si lazima pawe mahali halali. Mnara wa Mbaraki ni nguzo ya mawe ya matumbawe iliyo tupu ndani, na jicho la mfichaji mchanga hulitazama tundu lake kama zawadi, ilhali watu wamekuwa wakifukiza ubani na kunyunyiza marashi pale kwa ajili ya mizimu. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya mibuyu mikongwe ya Mama Ngina Drive, ambayo mapango ya mashina yake yangeweza kumeza maikro kumi. Kuta za Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, hazichomekwi kitu. Na misikiti, kuanzia ule wa Mandhry wa karne ya 16, haina nafasi katika mchezo huu, ama ukutani ama kwenye kizingiti. Mfichaji anayejua mahali pa kujizuia amekwisha kujipatia nusu ya alama.

Swali la pili linahusu viwianishi, na hapa ndipo kazi nyingi za Mji wa Kale zinapoanguka. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi, na kosa hilo huvumilika. Katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake, huku nyumba za ghorofa mbili na roshani zake zikiziba anga, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta na kurudi kabla ya kukifikia kipokezi, nacho hukadiria umbali usio wa kweli na kuionyesha nukta upande wa pili wa nyumba, pengine katika mtaa mwingine kabisa. Mfichaji goigoi husimama mara moja, hunakili namba anazoziona, kisha huita kazi yake ngumu. Ugumu huo ni wa uongo, kwa kuwa mtafutaji hashindani na akili ya mtu bali anashindana na hitilafu ya chombo. Fundi hurudi kwa nyakati tofauti, setilaiti zikiwa zimehama, hupata wastani wa vipimo vyake, kisha huvilinganisha na picha ya angani.

Fundi bora zaidi haitegemei kabisa setilaiti kichochoroni. Hutumia kificho cha hatua, yaani kile ambacho viwianishi vyake vya kwanza humpeleka mtafutaji mahali pa wazi, kama ule uwanja ulio karibu na Bandari ya Kale, ambapo hakuna chombo bali kuna kitu cha kuhesabu au cha kusoma, na kutoka hapo maelezo ya maneno humwongoza kwa miguu: pita maduka kadhaa, geukia mkono wa bahari, simama penye mlango wenye nakshi ya namna fulani. Mtafutaji analazimika kuinua macho kutoka kwenye kioo cha simu na kuutazama mji. Barabara ya Ndia Kuu, yenye roshani za mbao na milango ya nakshi, inafaa mno kwa kazi hii, mradi milango itazamwe bila kuguswa, kwani mlango wa mtu ni mlango wa mtu.

Kidokezo, yaani maneno machache ambayo mtafutaji aliyekwama huruhusiwa kuyafungua, kinastahili kupimwa kwa vigezo vya kitendawili. Kitendawili kilichotegwa vyema humwacha msikilizaji akisumbuka, lakini jibu likitolewa hakuna anayebisha, na kidokezo nacho kiwe hivyo: kisimtajie mtu mahali penyewe, wala kisimwache na lawama akishapaona. Maneno kama «tafuta vizuri» ni dharau. Kwa desturi ya mchezo kidokezo huandikwa kwa msimbo unaosogeza kila herufi nafasi 13 katika alfabeti, ili jicho lisikisome kwa bahati mbaya, na Kiswahili kikipitishwa humo hutoka na sura ya kuchekesha, kwa kuwa herufi za q na x ambazo lugha haina haja nazo hujaa kila neno. «Kidaka», kwa mfano, hugeuka kuwa «xvqnxn».

Juu ya chombo chenyewe, mwamuzi wa Mombasa anapaswa kuwa mkali kuliko mwenzake wa Nairobi. Nano ya sumaku imebuniwa kwa miji ya chuma, ilhali Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vitu ambavyo sumaku haina habari navyo. Matokeo yake ni kwamba wafichaji wavivu wote hukimbilia mahali palepale penye chuma, yaani nondo za madirisha, nguzo za taa na vibao vya majina ya mitaa, na mtafutaji mzoefu huanza kwa kupapasa hizo tu. Kazi ya fundi hutambulika kwa jinsi inavyofanana na ukuta ilipo: kigae cha saruji kilichofinyangwa na kupakwa rangi ya chokaa iliyochujuka, chenye kibomba ndani yake, kilicholazwa katika ufa uliokuwapo tangu zamani. Ufa usichongwe, ukuta usitobolewe, na hakuna cha kuchimbiwa ardhini. Kanuni za mchezo kwa kawaida zinakataza yote hayo, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo ya kihistoria ya Kenya hata pale ambapo hakuna mchezaji anayezijua kanuni.

Hewa ya chumvi humaliza mengine. Sumaku ndogo ikikwaruzwa utando wake hutoboka kwa kutu, hesi za chuma cha kawaida hushikana zisifunguke tena, na kikopo cha filamu, ambacho kifuniko chake hakizuii maji kikamilifu, hugeuza karatasi kuwa uji ifikapo masika. Chuma cha pua au plastiki nene yenye pete ya mpira mdomoni, karatasi isiyolowa, na onyo kwamba mtafutaji aje na penseli yake, vinatosha. Kwa vificho vya ufukweni liongezwe sharti moja: maji ya bamvua huko Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mfichaji atamke waziwazi ni wakati gani mahali hapo panafikika, na chombo kikae juu ya alama ya maji makuu.

Yote hayo hayafui dafu kama kificho kinamdhalilisha mtafutaji mbele ya wenyeji. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani sehemu ya utamu wa nano ni kuitwaa bila mpita njia kugundua. Mji wa Kale hauna mpita njia asiyeona. Wazee wako barazani baada ya sala ya alasiri, watoto wako mlangoni, muuza kahawa yuko na birika lake pembeni, na mgeni anayepapasa nondo za dirisha la mtu huku akiangaza macho ataitwa mwizi kabla hajapata nafasi ya kueleza setilaiti ni nini. Tena nchi hii imeonja mashambulizi ya kigaidi, na kitu kidogo cha metali kilichobandikwa kwa siri kwenye benchi au karibu na kituo cha feri cha Likoni hakimfurahishi askari yeyote. Kwa hiyo kificho chema kisiwani humpa mtafutaji sababu ya heshima ya kusimama alipo: benchi la kukalia, bango la kusomwa, kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Kilicho bora kuliko vyote kimewekwa kwa idhini ya mwenye duka, ambaye hukilinda, humwelekeza aliyepotea kwa tabasamu tu, na huwa wa kwanza kujua kikivunjika. Ndiyo maana pia vificho vinavyoachwa na watalii wanaoondoka baada ya wiki moja, bila mwangalizi anayeishi mjini, havipewi alama hata vikiwa vimetengenezwa kwa ustadi.

Anayetaka kujua thamani ya kificho bila kutoka nyumbani asome maandishi waliyoyaacha waliokitangulia. Maandishi ya maneno mawili ya shukrani yakifuatana mfululizo ni dalili kwamba watu walikuja kuongeza hesabu yao. Yanapotaja ngazi, upepo wa kusi, mazungumzo na mzee fulani au jambo ambalo hawakulijua kuhusu mji, kificho kinafanya kazi.

Kwa vipimo hivi, maikro ya kadiri ya mililita 80 iliyo mikononi mwa mwenye duka, iliyotanguliwa na hatua ya kusoma na kuhesabu uwanjani, inaishinda karibu kila nano inayoweza kubandikwa Mji wa Kale, na nano ibaki kwa mahali ambapo kweli hakuna chombo kikubwa zaidi kinachoenea. Penye historia nyingi na pasipo idhini, kama kwenye kuta za Fort Jesus, heri kificho kisicho na chombo, ambacho mtafutaji huthibitisha kufika kwake kwa kujibu swali, kwa mfano jinsi mwamba wa matumbawe unaoibeba ngome ulivyotokea baharini. Mfichaji mpya wa Mombasa na abishe hodi kwanza, apate ruhusa ya mwenye nyumba au duka, ndipo achukue vipimo vya viwianishi.