Usihesabu Kamba, Tazama Shokapu

Jumanne ile, pale njia panda ya Mkiwa, watu walipiga makofi. Fuso lilikuwa limetoka Itigi na magunia ya alizeti, likasimama kupakia Boxer ya kijana mmoja ambayo injini ilikuwa imegoma. Utingo, mtoto wa miaka ishirini hivi, akaifunga nyuma ya magunia kwa dakika zisizozidi tano. Alipomaliza, pikipiki ilikuwa haionekani kwa kamba. Kamba kwenye usukani, kamba kwenye vioo, kamba imepita juu ya siti mara tatu, nyingine imeshuka kwenye ekzosi ikarudi kwenye keria. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akasema, "Hapo hata gari lipinduke, pikipiki haitoki." Jamaa wa kijiweni wakatoa simu wakapiga picha. Mwenye Boxer akamtolea utingo elfu tano ya soda, nje ya nauli.

Nilihesabu kamba 14. Yenye kazi haikuwapo hata moja.

Sikusema kitu, maana mzee anayekosoa kazi ya kijana mbele za watu huonekana ana wivu. Lakini sikulala vizuri. Ndiyo maana naandika.

Mkiwa ni mahali pa kuharibikiwa, na jina lenyewe linakutania: ukisimama pale na chombo kilichokufa, saa kumi jioni, upepo wa Singida unakupiga, utajua mkiwa ni nani. Barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida inapita hapo, na hapo ndipo inapochomoza ile ya Itigi, Rungwa hadi Makongolosi, kilomita 413 ambazo sehemu kubwa ni pori. Pikipiki ikikufia huko ndani na kipuri ukakikosa Itigi, mara nyingi utatokea hapa kutafuta gari la kwenda Singida. Kwa hiyo watu wa Mkiwa wameona pikipiki nyingi zikipakiwa. Nilidhani kuona kunafundisha.

Njia ya bure ya kuihamisha pikipiki iliyokufa ni mguu. Mwenzako anakuja na pikipiki yake nyuma yako, upande wa kulia, anaweka mguu wake wa kushoto kwenye pa kukanyagia abiria pa pikipiki yako, anakusukuma. Lazima uwe wa kushoto, ili wa kulia ubaki kwenye breki. Kwa kilomita mbili tatu, mchana, barabara tambarare, naikubali. Kwenye lami kuu, ambako malori ya Rwanda na Kongo yanapita yakiwa na haraka zao, yule anayesukuma anakaa upande wa magari, na anayepata faida ya safari hiyo si yeye.

Kamba kati ya pikipiki mbili ni habari nyingine. Ukiona mtu kafunga fundo kwenye usukani wa pikipiki inayovutwa, muage kabisa. Fundo ni la upande mmoja tu, kwa anayevuta. Kwa anayevutwa kamba haifungwi; inazungushwa mara moja pale pa kukanyagia, kisha ncha yake anaikanyaga kwa soli ya kiatu. Akiona mambo yanaharibika anainua mguu, kamba inaondoka na mwenye nayo. Nimewaeleza vijana jambo hili mara nyingi, wakaniitikia "sawa mzee", kisha wakafunga fundo.

Guta ni la mjini. Kirikuu ni kizuri kama una hela ya kukodi gari zima. Kuilaza kwenye buti la basi, hilo silizungumzii. Petroli inachuruzika, betri yenye maji inamwaga tindikali, na masanduku ya watu yanafika yananuka. Pikipiki haikuumbwa ilale.

Kinachobaki, na ndicho kilicho rahisi na salama kwa pamoja, ni lori lenye nafasi bodini linalokwenda unakokwenda. Hapo nauli unapatana na dereva, lakini pikipiki unamkabidhi utingo. Wengi hufanya kinyume: wanamwogopa dereva, wanambana utingo. Mimi nambana dereva hadi senti ya mwisho, halafu namwongezea utingo kabla hajagusa kamba. Nikiona hajui, nafunga mwenyewe na hela yake nampa vilevile, asije akanifungulia njiani.

Sasa nije kwenye kile ambacho wapiga makofi hawakukiona. Ile Boxer ilikuwa imesimama kwenye stendi kubwa.

Asiyejua akiona pikipiki imesimama kwenye stendi anaona imetulia. Imetulia kweli, kama gari halitembei. Stendi kubwa ni chuma kilichoshikwa na bolti chini ya chesisi, kimetengenezwa kubeba pikipiki iliyolala usiku uani. Gari likipita kwenye shimo, bodi inapanda na kugonga ile stendi, na hakuna tairi wala shokapu ya kupokea kipigo. Kinakwenda moja kwa moja kwenye bolti, kutoka kwenye bolti kwenda kwenye chesisi. Kisha dereva anafunga breki. Pikipiki inasogea mbele kidogo tu, stendi inajikunja, chombo kizima kinashuka. Kinaposhuka, kamba zote zinalegea kwa mpigo mmoja, ziwe mbili ziwe 14. Zilikuwa zimekazwa kwa pikipiki ndefu. Sasa zimeshika pikipiki fupi.

Pikipiki husafiri kwa matairi yake mawili, stendi zote zimekunjwa, gurudumu la mbele limekaa dhidi ya ubao wa mbele wa bodi. Ndipo unatazama shokapu. Lile bomba linalong'aa, kutoka kwenye sili kwenda juu, ndilo litakalokuambia kama aliyefunga ni fundi au mpita njia. Kabla ya kamba, pima kwa macho urefu wake. Kamba mbili za mbele zikishavutwa sawasawa, kushoto na kulia, lile bomba lazima liwe limezama vidole vitatu. Vidole viwili ni woga. Vinne ni ukatili: sili zinatema oili na utamkuta fundi wa Singida anakusubiri kwa hamu. Vitatu. Na visiwe vidole vya karani.

Sababu yake mtoto angeielewa kama angeambiwa. Springi iliyobanwa inataka kurudi juu, kamba haitaki kuiachia, na ugomvi wao ndio unaoishikilia pikipiki. Gari likiruka, springi inatanuka kidogo na kamba inabaki imekaza. Shokapu isiyobanwa haigombani na mtu. Kila shimo inajizamia yenyewe, na kila inapozama kamba inapumua. Kamba inayopumua haikawii kutambaa, na ikishatambaa itatafuta pa kukatikia.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja, utingo wa Isuzu ya mizigo, enzi hizo kutoka Manyoni hadi Singida ni vumbi tupu na Itigi unafika ukiwa umebadilika rangi. Siku ya kwanza kumwona akifunga ilikuwa Yamaha DT ya bwana mifugo. Alivua saa ya mkononi kwanza, akaitia mfukoni, isije ikakwaruza tanki. Tangu siku hiyo, utingo asiyevua saa simhesabu, hata kama hana saa. Akapanda kwenye siti, akajibana chini kwa uzito wake huku sisi wawili tukivuta kamba za mbele pamoja, kwa sauti yake: "Haya. Haya. Basi." Akashuka. Akaweka vidole vitatu kwenye shokapu, akatikisa kichwa, tukafungua tukaanza upya, kwa sababu ya unene wa kidole kimoja.

Tulipomaliza akazigonga zile kamba mbili kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mpiga zeze wa Kigogo anayejaribu nyuzi. Zilitoa sauti mbili. Akafungua tena zote. Dereva alikuwa amekwisha washa gari na anatukana, mzee hakugeuka. Zilipotoa sauti moja akasema twende, na baada ya kilomita tano akagonga bodi gari lisimame. Kamba mpya hunyooka ikianza kubeba, alisema, na anayekaza mara moja hajakaza. Ile DT iliteremshwa Singida na kioo chake hakijageuka hata kidogo. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana mifugo alisaini karatasi, akaondoka.

Kamba za kufunga ni za aina tatu na watu hubishana. Katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo masika inakudanganya mara mbili kwa siku. Manila haijali mvua ila inateleza kwenye fundo, lazima umalizie na fundo la pili. Mpira wa tyubu unavutika na kurudi, hauchubui rangi, na unapatikana kwa mziba pancha yeyote. Wengi wanauona ndio mwisho wa mambo. Si mwisho. Tyubu mbele inairuhusu pikipiki kuchezacheza kama mtoto mgongoni. Sheria ni hii: manila mbele, tyubu nyuma. Anayeweka tyubu mbele si fundi, na sitabishana naye. Manila ya bluu siitumii. Nataka ya kijani au nyeupe. Hivi karibuni malori ya transiti yametuletea ile mikanda ya kukazia kwa mkono wa chuma. Ni mizuri, tatizo lake ni kwamba ina raha. Kijana akianza kuivuta, kwa ule mlio wake, haachi mpaka shokapu imefika chini kabisa, halafu anajisifu kwa nguvu.

Kamba ya mbele inashika pale shokapu zinaposhikana chini ya taa. Haishiki ncha za usukani, kwa sababu usukani unapinda. Haishiki vioo. Keria haikutengenezwa kuvutwa pembeni. Koki ya mafuta ifungwe, gia ya kwanza iingizwe. Na mwenye pikipiki asipande bodini kukaa juu ya pikipiki yake "aishikilie". Nimewaona. Uzito wake unazibana shokapu na kuziachia njia nzima, kamba zinalegea, na ajali ikitokea yeye ndiye mzigo ambao haukufungwa.

Kuna wezi pia, na baadhi yao wanafunga vizuri sana. Namkumbuka mmoja wa upande wa Manyoni, mikono yake ilikuwa safi, kazi yake ningeisifia mbele ya yeyote. Alikuwa na maneno ya upole: "Kaka, hii petroli tuitoe, kwa usalama." Akaichuruza yote kwenye dumu, akaliweka dumu nyuma ya kiti cha dereva, na ukifika unaambiwa limemwagika njiani. Kwa safari kumi alikuwa na kituo chake cha mafuta. Mwingine alivua vioo "visivunjike", akakurudishia vya mtu mwingine. Dawa yao ni rahisi: bakiza mafuta kidogo tu tangu mwanzo, funga koki, vioo vivue mwenyewe uviweke kwenye begi lako.

Zamani aliyekuwa na pikipiki alikuwa bwana shamba, padri au mganga wa zahanati, na chombo kikiharibika kilikuwa mali ya watu wengi; utingo alikifunga akijua kijiji kizima kitauliza. Sasa kila nyumba ina Boxer au TVS, za mkataba, na anayeifunga anajua mwenye nayo ana haraka ya hesabu ya jioni kuliko ya shokapu. Labda ndiyo sababu. Au labda wazee wale nao walikuwa na wavivu wao, ila wamekufa na tumewasahau.

Boxer ya Jumanne ile ilifika Singida, sikatai. Niliiona wiki iliyofuata kwa fundi, imeegemezwa ukutani. Haikuwa na stendi ya kuisimamisha. Iling'oka njiani na kipande cha chesisi. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye tairi kuukuu, na aliponiona akatoa simu kunionyesha ile picha ya kamba 14, nione jinsi ilivyokuwa imefungwa vizuri.